Plagi ya Mfano

Mume wangu anaitwa Fundi, na hata mimi namwita hivyo. Jina lake lipo kwenye kitambulisho, lakini nikimwita kwa jina hilo hugeuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine ameingia. Maisha yake yote ametengeneza injini za ndege ndogo. Alipostaafu alibaki na ndege moja tu, ambayo wala si yake. Ni ya klabu ya marubani iliyo mwisho wa barabara yetu. Imekaa miaka mingi ndani ya banda la bati, pamoja na ngazi mbili, mapipa, na kiti ambacho Fundi alikihamisha kutoka nyumbani akidhani sikuona.

Injini ya ndege hiyo si kama ya gari. Silinda zake tisa zimepangwa duara kwenye pua ya ndege, kama watoto waliokaa kuzunguka sinia. Kila silinda ina plagi mbili za kutoa cheche, moja mbele na moja nyuma, ili moja ikizimika angani nyingine iendelee. Kwa hiyo jumla ni plagi kumi na nane. Haya sikuyasoma popote. Nimeyasikia wakati wa kula, mchana na jioni, mpaka yakaingia pamoja na chakula.

Shida ilikuwa kwamba plagi zenyewe hazikuwepo. Zamani rubani mmoja mwenye masharubu, aliyekuwa na ndege ya aina hiyohiyo, alikuja kuziazima. Alichukua kumi na saba, akaacha moja.

"Hii nawaachia ya mfano," akamwambia Fundi. "Mkienda kutafuta nyingine mjue mnatafuta nini."

Kisha akaruka, na hatukumwona tena. Hakuanguka, msiwe na wasiwasi. Alihamia tu. Fundi hakuwahi kumsema vibaya. Kila akitajwa, alisema, "Yule alikuwa muungwana. Alituachia mfano."

Baada ya hapo Fundi aliilaza injini kama mtu anavyomlaza mtoto. Mashimo ya plagi aliyaziba kwa vizibo vya mbao alivyochonga mwenyewe. Zikabaki nyaya. Kila waya una kichwa cha chuma kinachofungwa juu ya plagi kama kifuniko cha chupa, na Fundi hakutaka vumbi liingie humo. Akaniomba nishone vikofia. Nilikaa kwenye kiti changu, ambacho wakati huo tayari kilikuwa bandani, nikiwa na mkasi na nguo yake ya zamani ya kulalia yenye mistari. Yeye alikuwa juu ya ngazi, anapima.

"Kumi na saba, upana wa kidole gumba changu," alisema. "Kimoja, kidole gumba cha kaka yako."

Kaka yangu ana vidole vinene, ukoo mzima unajua. Nikashona kumi na saba vya kawaida na kimoja cha kaka yangu. Fundi akavivisha, akavifunga kwa uzi uliopakwa nta, halafu akatunga sheria: hakuna kufungua kichwa cha waya mpaka plagi iwe mkononi, na iwe ndiyo yenyewe. "Ukifungua kutazama tu," alisema, "umekaribisha unyevu."

Plagi ya mfano aliipaka rangi ya kuzuia kutu, akaitia mfukoni, na huko ndiko ilikoishi. Ilikwenda sokoni, ilikwenda hospitali, ilikwenda kwenye harusi ya binti yetu. Katika picha za harusi baba wa bibi harusi ana uvimbe kwenye suruali. Wageni wanaoonyeshwa picha hizo hutazama, wakanyamaza, nami huwaacha. Popote alipomkuta mtu mwenye mikono ya mafuta, Fundi aliitoa na kumwuliza, "Unayo kama hii?" Hakuna aliyekuwa nayo.

Kila siku ya kufua niliitoa mfukoni kwanza. Nilikunja taulo, nikailaza juu yake, katikati ya meza. Hiyo ni kwa sababu ya sheria nyingine ya Fundi, ya zamani kuliko ile ya vikofia: plagi ikianguka, imekufa. Ndani yake mna kaure, na kaure ikigongwa hupata ufa mwembamba ambao jicho haliuoni. Unakuja kuuona ukiwa juu ya mawingu. Kwa hiyo haipimwi, haibembelezwi. Kwenye karakana aliyofanyia kazi, plagi ikianguka Fundi alivua kofia, na wanafunzi wake wakajifunza kuvua pia. Wengine walidhani ni dini yake.

Basi tuliishi hivyo mpaka klabu ilipopata Mwenyekiti mpya.

Ni mtu mzuri, nataka hilo lijulikane mapema. Alikuja nyumbani mwenyewe badala ya kumtuma mtu, akanisalimia kwa mikono miwili, akanywa chai yote niliyomimina. Kisha akasema wanachama wamekubaliana kuipandisha ile ndege kwenye nguzo, pale langoni, watu waione wakiwa barabarani.

"Kwenye nguzo," Fundi akasema.

"Ya zege. Na ndani ya ndege tutamwaga zege kidogo, upepo usiitikise."

"Na injini?"

"Injini itabaki mbele, ndiyo uzuri wenyewe. Tutaipaka rangi ya fedha."

Fundi akaweka kikombe chini. "Injini hiyo ni nzima."

"Fundi, haijawaka tangu mimi nina nywele zangu zote."

"Haina plagi. Mtu asiye na viatu humziki, unamtafutia viatu."

Mwenyekiti akafikiri. Angeweza kusema wanachama wameshaamua, na ingekuwa kweli. Badala yake alisema mwashi ataanza kujenga nguzo kesho. Kama injini itawaka kabla nguzo haijawa tayari, na ikaunguruma sawasawa kwa plagi za mbele na kwa za nyuma, yeye mwenyewe atarudi kwa wanachama kuwaambia watafute kitu kingine cha kuweka langoni. "Isipowaka," alisema, "tuiache ipumzike." Nilisikia alivyosema tuiache. Hakusema iacheni.

Wakapeana mikono.

Niseme hapa kilichokuwa kinaniuma mimi. Kila asubuhi Fundi alikwenda bandani kuzungusha propela kwa mkono, polepole, ili mafuta yasilale kwenye silinda za chini. Kisha alikaa kwenye kiti changu akaitazama. Mtu huyu akikosa pa kwenda asubuhi atahamia jikoni kwangu. Nampenda mume wangu, lakini jiko langu ni dogo na yeye ana maoni. Hilo ndilo nililowaambia watu. Nisilowaambia ni kwamba tangu siku ile ya Mwenyekiti tulikula kimya. Habari za silinda zilikwisha mezani. Niliwahi hata kumwuliza mwenyewe, "Hivi ile ya chini ndiyo ya ngapi?" na akajibu, "Ya tano," akaendelea kutafuna.

Habari zikaenea, na watu wakaanza kuleta plagi. Kinyozi alileta ya gari. Muuza mkaa alileta ya pikipiki, ameifunga kwenye karatasi kama dawa. Fundi alizipima zote mbele ya mwenyewe, hata zile ambazo mimi niliona toka mlangoni kwamba hapana. Kwanza hesi, ile mikato ya skrubu upande wa chini, inayoingia kwenye silinda. Pili urefu. Tatu mdomo wa juu, unaopokea waya. Mwashi aliyekuwa akijenga nguzo naye alileta moja, kutoka kwenye mashine yake ya kuchanganyia zege.

"Inafanana," mwashi alisema.

"Inafanana," Fundi akakubali. "Kama mimi na wewe. Sote tuna masikio." Kisha akamshukuru, akaifuta, akamrudishia, maana bila hiyo plagi mashine ya mwashi ilikuwa imesimama.

Ndipo akaja wifi yangu.

Wifi ni dada mkubwa wa Fundi na anauza vipuri chakavu. Aliingia bila kubisha, na boksi kwapani. Kulikuwa na kampuni iliyokuwa ikinyunyizia mashamba dawa kwa ndege. Ilifungwa, na stoo yao ilipokuwa ikisafishwa yeye alikuwepo. Ndani ya boksi mlikuwa na plagi kumi na nane, kila moja ndani ya kikopo chake, hazijaguswa.

Fundi alivaa miwani. Akachukua moja, akapima hesi. Akapima urefu. Nikajifanya napanga vikombe. Kisha akaisimamisha karibu na plagi ya mfano, mdomo kwa mdomo.

"Mdomo mdogo," alisema.

"Nini?"

"Mdomo wa hii ni mdogo, dada. Angalia ya mfano. Waya hautakaa."

"Kwani umejaribu?"

"Sifungui waya kwa kujaribu."

"Nimetoka kule kote na boksi kwapani, wewe hutaki hata kufungua kitambaa?"

"Si kitambaa. Ni unyevu."

Wifi akanigeukia mimi. "Huyu alizaliwa hivi. Mama alipomnunulia viatu alivipima kwa kijiti, akasema si vyake. Akaenda shule peku." Akanikabidhi boksi. "Wifi, ziweke chini ya mashuka. Akili zikimrudia, zitakuwa hapo."

Nikaziweka chini ya mashuka.

Nguzo ikaendelea kupanda, lakini polepole sana. Siku moja nilimpelekea mwashi maji ya kunywa, nikamwuliza mbona kazi haisogei.

"Zege linataka kupumzika, mama," alisema.

"Hupumzika muda gani?"

"Inategemea na zege." Akatazama upande wa banda, ambako Fundi alikuwa amekaa mlangoni. "Hili ni la wasiwasi. Haliendi haraka."

Nimeishi karibu na majengo mengi, na sijawahi kuona zege la wasiwasi. Kesho yake nilimwongezea na mkate.

Lakini nguzo ni nguzo, hata ijengwe kwa huruma. Ikafika asubuhi Fundi akaondoka nyumbani, nami nilipoanza kufuta meza nikaiona plagi ya mfano pale karibu na chumvi. Hakuisahau. Fundi hasahau plagi. Aliiweka.

Nilikaa nayo mkononi kwa muda. Ilikuwa chafu, rangi yake imechakaa, masizi na mafuta ya miaka yote yamejaa kwenye kila kijifereji. Nikaona kama inawekwa kabatini moja kwa moja, basi iwekwe ikiwa safi. Nikamimina mafuta ya taa kwenye bakuli bovu, nikailaza humo, nikaendelea kuchambua maharage. Maharage yalipokwisha nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kuisugua.

Rangi ilitoka kama ngozi ya nyanya iliyochovywa maji moto. Karibu na mdomo nikaona mstari mwembamba unaozunguka. Nikasugua, hautoki. Nikasugua zaidi, ukaonekana zaidi. Haukuwa uchafu. Nikaishika kwa kitambaa, chini kwa mkono mmoja na juu kwa mwingine, kama unavyofungua chupa ambayo mtu mwenye nguvu ameifunga. Ikakataa. Nikairudisha kwenye mafuta, nikabandika maharage jikoni, nikarudi. Ikazunguka.

Ilikuwa pete. Pete nzima ya chuma ikatoka juu ya plagi, na chini yake pakabaki mdomo mwingine, mdogo.

Kwanza nilijua nimeiharibu, nikakaa chini. Kisha nikaenda kwenye mashuka, nikatoa kikopo kimoja cha wifi, nikasimamisha plagi yake karibu na hii. Zilikuwa pacha. Nikaishika ile pete, nikaitia kidole changu, kikacheza ndani. Nikamfikiria kaka yangu.

Ningeweza kukimbia nayo bandani. Miguu ilishaanza kwenda. Lakini mtu aliyetembea na plagi ile miaka yote hiyo, akawarudisha watu kwa upole, hastahili kuambiwa habari hizo na mkewe barabarani huku mwashi anasikiliza. Nikachukua visahani vitatu. Kimoja nikaweka plagi ya mfano, cha pili pete, cha tatu plagi ya wifi. Nikavipanga karibu na kikombe chake. Aliporudi nikamimina chai, nikampa mgongo, nikaanza kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Alikaa. Nilisikia kijiko, kisha sikusikia kijiko.

"Nani kaivunja?"

"Haijavunjika," nikasema. "Imefunguka."

Nikasikia pete inapanda kwenye plagi, inashuka. Inapanda, inashuka. Nikaisikia inapanda kwenye plagi ya wifi.

"Pete hii niliichonga mimi," akasema.

Sikugeuka.

"Kichwa cha waya mmoja kilipasuka. Ule wa silinda ya chini. Hakukuwa na kingine kama hicho, tukaweka kikubwa cha ndege nyingine. Nikachonga pete ili plagi iweze kukipokea. Ilikuwa ya muda tu, mpaka kipatikane kichwa chenyewe. Kisha nikaipaka rangi, nikaisahau."

"Kikapatikana?"

"Hapana."

Sufuria yangu ilikuwa inang'aa. Nikaiosha upande wa nje.

"Kwa hiyo mwenye masharubu," Fundi akasema polepole, "hakutuachia mfano."

"Labda alikusudia."

"Aliiacha kwa sababu haikumfaa." Akanywa chai, ambayo ilikuwa imepoa. "Hata hivyo alikuwa muungwana. Angeweza kuitupa."

"Vile vikofia," nikasema.

"Kumi na saba na kimoja."

"Kidole cha kaka yangu."

"Kidole cha kaka yako." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Za dada bado zipo?"

"Chini ya mashuka."

"Alisema nini vile?"

"Akili zikikurudia."

Akatikisa kichwa kama mtu anayesomewa mashtaka na kuyaona ni ya haki. "Lazima nimpigie simu?"

"Lazima."

Akapiga. Alieleza yote, na pete, bila kujitetea. Kisha nikamsikia wifi wazi kabisa, maana simu yake na sauti yake ni kitu kimoja. "Nakuja kesho. Nitavaa nguo nzuri."

Kesho yake tukawa bandani. Fundi magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi, kwa hiyo mwashi ndiye aliyepanda, baada ya kunawa zege mikononi. Fundi alisimama chini akimwelekeza, kaza, legeza, hapo, tia washa ya shaba chini yake kwanza. Wifi alikaa kwenye kiti changu akiwa na gauni la harusini, ananyanyua vizibo vya mbao kimoja kimoja na kuvisifu kwa namna ambayo haikuwa sifa. Mwenyekiti naye alikuja na suti yake. Hakuna aliyemwita. Alisema ana nafasi kidogo, akauliza afanye nini, na Fundi akampa kazi ya kutoa plagi kwenye vikopo na kumpa mwashi.

Mimi nilikata nyuzi za vikofia. Ndani yake mistari ya nguo ya kulalia ilikuwa bado na rangi yake, kama jana. Vichwa kumi na saba vilikuwa vidogo. Kila plagi ya wifi iliingia chini, na kila waya ukakaa juu, na kila mara wifi alisema "Mdomo mdogo," kwa sauti ya chini, kama anayehesabu.

Tulikuwa tumebakiza ule wa chini mbele, wenye kofia ya kaka yangu, pale Mwenyekiti aliposema kutoka nyuma ya bawa:

"Imeanguka."

Sote tukageuka. Hakuna aliyeona. Sakafuni palikuwa na turubai, na hakuna aliyesikia chochote. Plagi ilikuwa tayari mkononi mwake, safi, inang'aa, na alikuwa ameishika mbali na mwili kama kitu cha mtu mwingine.

"Iliangukia turubai," alisema. "Haikulia. Lakini imeanguka."

"Si ungenyamaza," wifi akasema.

"Nilifikiria hilo." Akatazama viatu vyake. "Ila ni ndege."

Yeye ndiye aliyetaka nguzo. Angenyamaza, injini ingewaka au isingewaka, na hakuna ambaye angemwuliza. Nililiona hilo, na Fundi aliliona, kwa sababu alimpokea plagi ile kwa mikono miwili. Kisha akavua kofia. Mwashi juu ya ngazi hakuwa na kofia, akashika kichwa.

"Imekufa," Fundi akasema.

Kupitia mlango wa banda tuliiona nguzo. Ilikuwa imekamilika tangu juzi, nadhani. Mwashi alikuwa anaipiga tu maji. Bila plagi ile, silinda ya chini ingekuwa na cheche moja, na wakati wa kujaribu plagi za mbele peke yake injini ingechechemea, na Fundi si mtu wa kuziba masikio ya watu.

Fundi akatia mkono mfukoni. Akatoa plagi ya mfano, niliyoisafisha mimi, ikiwa na pete yake. Aliichungulia nafasi ya cheche, akaipima kwa kibati chake chembamba, akaridhika. Lakini hakumpa mwashi. Alinitazama mimi.

"Mama," alisema. "Mfukoni najua mimi. Kwenye kufua unajua wewe. Imewahi kuanguka?"

Hakuniuliza kama mume anavyomwuliza mke. Aliniuliza kama fundi mmoja anavyomwuliza mwingine aliyekuwa zamu. Kwa hiyo sikujibu haraka. Nilizipita suruali zote. Ya kijivu, ya harusi, ile ya hospitali, zile za majuma aliyokuwa na homa nikawa nafua kila siku, usingizi ukiwa machoni. Kila mara niliona taulo, na mkunjo wake, na meza, na mkono wangu ukiilaza katikati, mbali na ukingo. Na jana, bakuli, na mikono yote miwili.

"Haijawahi," nikasema.

"Sawa," akasema Fundi, na akampa mwashi.

Hakurudia swali. Wifi alifungua mdomo kusema kitu, akaufunga, na hiyo kwa wifi ni zawadi kubwa.

Tuliisukuma ndege nje sote, wifi akiwa ameshika bawa kwa ncha za vidole. Betri ya bandani ilikuwa haina nguvu, basi Mwenyekiti akaenda akafungua ya gari lake mwenyewe na kuileta kifuani, suti na yote. Mwashi akazungusha propela kwa mkono, ili kama kuna mafuta yamelala chini yatoke. Fundi akapandishwa kwenye kiti cha rubani, mmoja akivuta na mwingine akisukuma, akafunga mkanda ingawa hakuwa anakwenda popote.

Propela ikazunguka, ikasita. Ikazunguka tena. Injini ikakohoa mara moja kama mzee anayetaka kuanza hotuba, na moshi mweupe ukatoka mwingi sana, wote upande wa wifi. Silinda moja ikashika, ikafuata ya pili, kisha sikuweza tena kuzitenganisha. Zilikuwa kitu kimoja, na ardhi chini ya viatu vyangu ilikuwa inatetemeka.

Fundi aliiacha ipate joto. Kisha akainua kidole kimoja: plagi za nyuma peke yake. Sauti ikashuka kidogo, ikatulia. Akarudisha zote. Akainua vidole viwili: za mbele peke yake, pamoja na ile ya chini. Mwenyekiti alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kwa bidii ya mtu aliyeweka ahadi. Sauti ikashuka kidogo, kiasi kilekile. Ikatulia.

Fundi aliiacha hapo, kwenye vidole viwili, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alipozima, wifi akajifuta mafuta usoni. "Gauni hili," alisema, "nilikuwa nizikwe nalo."

"Nitaongea na wanachama," Mwenyekiti akasema.

"Na nguzo?" mwashi akauliza.

Wakaitazama. "Iache ikauke kwanza," akasema Mwenyekiti.

"Lile zege litachukua muda," akasema mwashi.

Siku hizi nguzo ina taa juu yake. Barabara ile ilikuwa na giza, na watu wanaotoka kazini wameshukuru, ingawa ni taa iliyo juu ya msingi unaoweza kubeba ndege. Fundi huenda bandani kila asubuhi. Mezani tumerudi kwenye silinda, na sasa kuna habari za mafuta kuvuja kwenye ya tatu. Nasikiliza. Wifi anamwita ndugu yake Mdomo Mdogo, mbele ya wateja.

Siku ya kufua iliyofuata nilipapasa suruali kwa mazoea tu, maana nilijua mfuko ni mtupu. Haukuwa mtupu. Ilikuwamo ile ya Mwenyekiti, iliyoanguka. Sikumwuliza, naye hajasema. Kila nikifua naitoa, nakunja taulo, naiweka katikati ya meza, mbali na ukingo.